Nilivyokwenda Kagongwe Kumwuliza Askofu Mkuu Tarehe ya Ndoa Yangu

Mwaka 2022, masika yakiwa yamekatika na kiangazi kimeanza kukausha nyasi za Rusimbi, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimehesabiwa mwongo mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa nyumbani. Sikwenda kutembea wala kuhiji. Nilikwenda kumtafuta mtu mmoja aliyekuwapo siku ya ndoa yangu na ambaye bado alikuwa hai.

Mume wangu, Method, alifariki tarehe 19 Agosti 2021. Siku ya kumaliza matanga, kaka yake mkubwa, shemeji yangu Bonifasi, alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba mimi nilikuwa mwanamke niliyekaa na ndugu yake, wala hakuna aliyewahi kuona cheti cha ndoa. Kwa hiyo nyumba ya Rusimbi irudi kwa ukoo, na siku yangu ikifika nisilazwe kando ya Method. Nyumba ni matofali, na matofali hufyatuliwa tena. Lakini kuishi na mtu miaka thelathini na sita, kisha uambiwe ulikuwa umepanga kwake! Nilifungua shauri mahakamani.

Cheti kilikuwapo. Kililowa na kuozea sandukuni mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda yakaingia katika nyumba tuliyokuwa tukikaa Bangwe. Msimamizi wa mume wangu siku ya ndoa alikwisha kufa. Msimamizi wangu alihamia ng'ambo ya ziwa zamani, na sijui kama yu hai. Hata hivyo sikuwa na hofu, kwa sababu tarehe nilikuwa nayo.

Nieleze hapo kidogo. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la watu wazima, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na saba. Aliyefundishwa kusoma utotoni hajui utamu wa kuimiliki tarehe. Nilipoweza kuandika, nilinunua daftari gumu nikayapanga maisha yangu yote humo, kila jambo na siku yake. Ndoa yetu ilifungwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1985, katika kigango cha Nyarubungo nilikozaliwa. Nilitafuta kalenda ya mwaka huo, nikaona Pasaka iliangukia tarehe 7 Aprili. Nikaandika: ndoa, Jumatatu, tarehe 8 Aprili 1985. Tarehe hiyo ndiyo niliyoiapia mahakamani.

Nilipokwenda parokiani mjini kuomba nakala, katibu alifungua kitabu cha ndoa, akapitisha kidole, akatikisa kichwa.

"Mama Edita, tarehe nane Aprili hakuna ndoa hata moja. Ngoja nifunue kurasa za mbele."

"Usifunue," nilimwambia. "Mimi si mtu wa kukisia. Kama haipo hapo, basi kitabu chenu kina kasoro."

Alikifunga kwa adabu. Wiki mbili baadaye Bonifasi aliwasilisha mahakamani barua kutoka ofisi hiyohiyo. Ilisema kwamba siku ya tarehe 8 Aprili 1985, padri niliyemtaja kuwa ndiye aliyetufungisha ndoa alibatiza watoto tisa katika kanisa la mjini. Kutoka mjini hadi Nyarubungo kwa boti za wakati ule ilikuwa safari ya siku nzima. Hakimu aliisoma barua mara mbili, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, padri huyu alikuwa mmoja au wawili?"

Watu walicheka. Shauri liliahirishwa hadi Alhamisi, tarehe 30 Juni.

Padri huyo aliitwa Pankrasi. Baadaye aliwekwa kuwa askofu mbali na kwetu, kisha Askofu Mkuu, akaongoza jimbo kuu kwa miaka mingi hata akastaafu. Nilisikia kwamba alikataa nyumba ya wastaafu iliyojengwa karibu na kanisa kuu, akaomba arudishwe Kagongwe, kijiji cha ufukweni kusini ya Ilagala, ambako alianza kazi akiwa kijana. Nikasema moyoni: mtu aliyepewa fimbo ya kuchunga mamia ya maelfu hawezi kusahau Jumatatu ya Pasaka.

Jumanne, tarehe 7 Juni, asubuhi, niliondoka Rusimbi. Kabla ya saa nne nilikuwa Simbo, kwa binti yangu Edita, ambaye siku hiyo alikuwa akimenya muhogo uani. Nilimweleza niendako. Hakuacha kumenya.

"Mama, na ukifika ukaambiwa hakumbuki?"

"Atakumbuka. Ni Askofu Mkuu."

"Ni mzee wa miaka themanini na mitatu. Mimi jana nimesahau nilikoweka jembe." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Kwani mtu akiniuliza mimi ni mtoto wa ndoa au wa kuokotwa, nijibu nini mpaka urudi?"

"Jibu kwamba mama yako yuko safarini."

Alicheka, kisha akainamia muhogo tena, nikaona kwamba swali lake halikuwa mzaha mtupu. Nililala kwake usiku huo. Alinifungia unga na migebuka iliyokaushwa, samaki wa ziwa letu, akasisitiza nisimpe Askofu Mkuu migebuka ile, kwa kuwa ilikuwa yangu ya njiani.

Jumatano, tarehe 8 Juni, nilifika Ilagala mchana kwa pikipiki, nikavuka mto Malagarasi kwa kivuko. Ng'ambo nilipokelewa na Bibi Ansila, mjane kama mimi ingawa ananizidi umri sana. Yeye aliwahi kuwapikia mapadri waliokuwa wakipita kuelekea vigango vya kusini.

"Amahoro, Mama Edita. Shida gani imekuvusha mto?"

Nilipomtajia jina la Padri Pankrasi, alijipiga kofi gotini kwa furaha. Alisema padri huyo alipofika mara ya kwanza alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyezaliwa nchi kavu na asiyejua kuogelea. Ziwa alilihofu kama watu wanavyohofu chatu. Lakini vigango vyake vyote vilikuwa ufukweni, na barabara haikuwapo. Basi alitafuta mpira wa ndani wa gurudumu la gari, akaujaza upepo, akauvaa kiunoni chini ya kanzu.

"Akishuka kwenye boti unamwona kama mjamzito," alisema Bibi Ansila. "Wanawake tulikuwa tunamwuliza, Padri, mwezi wa ngapi? Na yeye anajibu, wa tisa, niombeeni nijifungue salama."

Aliendelea kunieleza mengi. Kiha alijifunza kwa kukaa jikoni na wapishi, akikosea, akirekebishwa. Hakutaka kiti cha pekee. Mtu akimletea ugomvi wa mke na mume alikuwa anawauliza kwanza kama wamekula. Nilikuwa nikiandika yote katika daftari, na nilifurahi, mpaka aliposema neno lifuatalo.

"Pasaka ya mwaka ule wa themanini na tano aliisherehekea hapa kwetu. Nilimpikia mwenyewe. Jumapili, Jumatatu na Jumanne alikuwa hapahapa."

Niliweka kalamu chini. "Bibi, una hakika ni mwaka 1985?"

"Ni mwaka niliomzaa kitindamimba wangu, alibatizwa Pasaka hiyohiyo. Cheti chake kipo hapo ndani, kama unataka kusoma."

Alikileta. Mwaka ulikuwa 1985. Wino wa siku na mwezi ulikuwa umefifia, sikuweza kuusoma. Kitabu cha mjini kilisema Jumatatu ya Pasaka alikuwa mjini. Bibi Ansila alisema alikuwa Ilagala. Mimi niliapa kwamba alikuwa Nyarubungo. Nilijilaza nikajaribu kupanga boti na saa, lakini kila nilivyopanga, padri mmoja alibaki katika sehemu tatu.

Alhamisi, tarehe 9 Juni, asubuhi, nilipanda boti ya abiria iendayo kusini. Mwenye boti aliitwa Bwana Ramazani, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Alikuwa ameketi nyuma, mkono juu ya injini. Nilipomwambia nakwenda kwa Askofu Mkuu, aliniita nikae karibu naye.

"Mama, baba yangu ndiye aliyekuwa anaendesha boti ya huyo mzee wakati akiwa padri. Sisi ni Waislamu, lakini padri alisema hataki dereva wa kusali pamoja naye, anataka dereva wa kumfikisha. Miaka sita walisafiri pamoja. Baba alimfundisha kuogelea pale Kagongwe, akashindwa. Alisema, huyu Mungu anamshika juu tu, chini hamshiki."

Nilimwuliza, kwa uangalifu, kama aliwahi kumsikia baba yake akitaja Pasaka ya mwaka 1985.

"Ile ya pilau? Mimi mwenyewe nilikula. Nilikuwa na miaka tisa. Padri alisherehekea Kagongwe, akaja kula kwetu. Mama alimwambia, kula sana Padri, baada ya wiki moja na kidogo sisi tunaingia mfungo, hutapata kitu mchana."

"Mfungo wa mwaka ule uliingia lini?"

"Mwezi wa tano, baada tu ya tarehe ishirini."

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Pasaka ya tarehe 7 Aprili haiwezi kuwa wiki moja na ushee kabla ya mfungo unaoingia baada ya tarehe 20 Mei. Nikamwambia amekosea mwaka.

"Mama, mtoto anaweza kusahau mwaka. Lakini pilau aliyokula kabla ya mfungo wake wa kwanza hasahau."

Mchana tulipita mbele ya Nyarubungo. Nilimwomba apunguze mwendo. Kanisa letu la matofali ya udongo halikuwapo tena. Yalisalia mawe ya msingi, na ziwa lilikuwa linaingia na kutoka mahali palipokuwa na mlango. Niliitafuta kwa macho sehemu nilipopiga magoti. Ghafla nilishikwa na woga ambao sikuwahi kuwa nao hata mahakamani: je, kama siku ile haikuwapo? Kama nilikuwa msichana asiyejua kusoma, aliyevishwa nguo nyeupe mbele ya mtu fulani, siku fulani, na yote mengine niliyaandika mwenyewe baadaye kwa mwandiko mzuri? Bwana Ramazani aliniuliza kama naona kizunguzungu. Nilimjibu kwamba ni jua.

Jioni hiyo tulifika Kagongwe. Nilipokelewa na Sista Letisia, mtawa anayemtunza Askofu Mkuu, mwanamke wa maneno machache aliyenipa maji ya kuoga kabla ya kuniuliza shida yangu. Aliniambia nimwone asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndiyo akili yake hukaa nyumbani.

Ijumaa, tarehe 10 Juni, saa mbili, nilimkuta ameketi kwenye benchi barazani, akitazama mahali boti zinapofungwa. Alikuwa amevaa sweta la kijani na viatu vya raba. Mvuvi mmoja alikuwa anaondoka na nyavu zake begani, akinung'unika.

"Anataka nibariki nyavu," Askofu Mkuu alimwambia Sista. "Nilibariki jana. Baraka haiozi kwa siku moja, si dagaa."

Nilipiga magoti kuibusu pete. Kidole kilikuwa kitupu.

"Pete anayo Sista. Inaanguka kwenye uji. Inuka, mama, sakafu ni baridi. Umetoka wapi?"

"Shikamoo, Baba Askofu Mkuu. Natoka Rusimbi, ila asili yangu ni Nyarubungo. Wewe ndiye uliyenifungisha ndoa na marehemu Method."

"Marahaba. Nilifungisha wengi. Umekuja kunishukuru au kunilaumu?"

"Nimekuja kukuuliza tarehe."

Alinitazama. Nilingoja uso wake ubadilike, aseme, ndiyo, Veronika, nakukumbuka. Haukubadilika. Hakunijua. Safari yote sikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo, na niliumia kuliko nilivyoumizwa na Bonifasi.

"Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1985," nilisema.

"Pasaka ya ngapi?"

Nilidhani hakunisikia. "Ya mwaka 1985, Baba."

"Mwaka nimesikia. Nauliza Pasaka ya ngapi."

"Baba, Pasaka ni moja."

"Kwa Baba Mtakatifu ni moja. Kwangu zilikuwa sita." Alianza kuhesabu kwa kugonga benchi kwa kifundo cha kidole, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayesali litania. "Mjini. Ilagala. Karago. Sunuka. Nyarubungo. Kagongwe. Boti moja, padri mmoja, kila Jumapili kijiji kimoja. Alleluya haiwezi kuimbwa bila Misa, na Misa haiwezi kuja bila mimi, na mimi siwezi kuja bila petroli."

"Kwa hiyo sisi wa Nyarubungo..."

"Ninyi mlikuwa wa tano. Mlinipa aibu kubwa." Alimgeukia Sista. "Nimekwisha kukueleza habari za Gervasi?"

"Umeeleza, Baba. Mweleze mama."

Gervasi alikuwa katekista wetu, mtu mnyoofu kama fimbo, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Padri Pankrasi aliwaagiza makatekista wote kwamba pasiwe na sherehe ya Pasaka mpaka atakapofika. Wengine walielewa kwamba sherehe ndiyo ingoje. Gervasi alielewa kwamba kama Pasaka haijafika, basi Kwaresima haijaisha. Akaendelea nayo.

"Nilifika wiki nne baada ya Bwana kufufuka," alisema Askofu Mkuu, "nikakuta watu wamekonda, wako kwenye Njia ya Msalaba, na Gervasi anaongoza huku analia. Akaniambia, Padri, mwaka huu Kwaresima ni ndefu, lakini tumevumilia. Hakuna aliyekuwa na kalenda. Nilishindwa kumwambia. Nilivaa nyeupe, nikatangaza Pasaka, tukaimba. Kesho yake nikafungisha ndoa zote zilizokuwa zinangoja, maana Kwaresima harusi hazifanyiki."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mama yangu akiuliza, kwa sauti ya chini, kama Yesu mwenyewe alifunga siku nyingi hivi. Nilikumbuka mbuzi wa harusi aliyezaa akingoja kuchinjwa, baba akasema huyu hachinjwi tena, atafutwe mwingine. Mambo hayo nilikuwa nikiyasimulia kama vichekesho maisha yangu yote, wala sikuwahi kuyapeleka kwenye kalenda.

Lakini sikukubali upesi. Nilisema, "Basi siku ile haikuwa Jumatatu ya Pasaka."

"Ilikuwa. Niliitangaza mimi."

"Kalenda inasema tarehe nane Aprili, Baba."

"Kalenda haikuwa na boti."

Nilihesabu Jumapili kwa vidole, kuanzia tarehe 7 Aprili: ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano ni tarehe 5 Mei. Jumatatu yake ni tarehe 6 Mei. Na ya sita, ya Kagongwe, ni tarehe 12 Mei, wiki moja na ushee kabla ya mfungo wa akina Ramazani. Bibi Ansila naye alikuwa sahihi. Kila mtu alikuwa sahihi isipokuwa mimi, niliyekuwa na daftari.

Askofu Mkuu alikuwa ameanza kusema peke yake, nami nikamsikiliza. Alisema kwamba alipokuwa na kanisa kuu alikuwa na saa tatu za ukutani ofisini, gari, na katibu wa kumkumbusha kila kitu. Akasherehekea Pasaka moja kila mwaka, kwa wakati wake, kanisa likiwa limejaa mpaka nje. Lakini kila mwaka, Jumapili ya tano na ya sita, aliamka alfajiri akavaa viatu kabla ya kukumbuka kwamba hakuna anayemngoja. "Walisema nimepanda daraja," alisema. "Mimi niliona kama nimeshushwa njiani, kabla ya kufika Kagongwe." Sista Letisia alimfuta mdomo kwa kitambaa, akaniambia taratibu kwamba inatosha kwa asubuhi hiyo.

Kabla sijaaga, nilimwomba barua. Alimwambia Sista aandike kwamba yeye, Pankrasi, alifungisha ndoa za Nyarubungo siku ya pili ya Pasaka ya tano, 1985. Alitia sahihi, kisha akaandika tarehe mwenyewe: 10 Juni 1985. Sista aliiona, nami niliiona. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Niliikunja nikijua kwamba Bonifasi angeichana kwa maneno mawili tu.

Jumamosi na Jumapili, tarehe 11 na 12 Juni, zilikuwa siku za kurudi. Sikuandika kitu. Bwana Ramazani alinipitisha tena mbele ya Nyarubungo bila kuombwa. Nilikuwa najiuliza kilichonikwaza zaidi: kwamba niliapia kitu kisicho kweli, au kwamba wasiojua kusoma walikuwa wameishika kweli hiyo kwa pilau na kwa watoto waliowazaa, wakati mimi niliipoteza kwa kuisahihisha. Nilikuwa nimedhani kuwa kusoma ni kutoka gizani mara moja tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuingia tena, kalamu mkononi.

Jumatatu, tarehe 13 Juni, nilikwenda moja kwa moja parokiani. Katibu aliponiona alisimama.

"Naomba ufunue kurasa za mbele," nilimwambia.

Alifunua ukurasa mmoja, kisha wa pili. Tarehe 6 Mei 1985, Nyarubungo. Ndoa tano, kwa mwandiko mrefu uliolala kama majani kwenye upepo. Ya tatu ilikuwa yetu: jina la Method, jina langu, majina ya wasimamizi wote wawili. Mahali pa sahihi yangu palikuwa na alama ya kidole gumba. Katibu hakunikumbusha maneno niliyomwambia. Alisema tu, "Nikuandikie nakala, mama?"

"Niandikie."

Alhamisi, tarehe 30 Juni, nilisimama mahakamani na nakala hiyo. Kabla ya kuipokea, hakimu alitaka nieleze kwa kinywa changu.

"Tarehe niliyoiapia siku ile haikuwa sahihi, Mheshimiwa," nilisema. "Nilikosea."

Sijui kama nimewahi kutamka neno hilo la mwisho mbele ya watu. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, halafu likawa zito nilipokwisha kulisema.

Bonifasi aliinuka. "Mheshimiwa, juzi alisema Aprili, leo anasema Mei. Akipewa wiki mbili atasema Krismasi."

Watu walicheka tena, na mimi sikuwalaumu. Nilieleza habari za boti, petroli, Gervasi na Pasaka sita. Hakimu, ambaye si Mkristo, alinisimamisha mara nne. Aliuliza kama inawezekana kijiji kizima kikaendelea kufunga wakati sikukuu imekwisha kupita. Nikamjibu kwamba iliwezekana, kwa kuwa nilikuwapo na nilikuwa na njaa. Kisha akauliza alama ya kidole gumba ni ya nani, nikanyoosha mkono. Barua ya Askofu Mkuu sikuitoa.

Nje, Bonifasi alinifuata hadi kwenye ukuta. Nilidhani anakuja kunitukana.

"Shemeji, mwaka ule nilikuwa Tabora, kazini," alisema bila kunitazama. "Method aliniandikia mwezi wa tatu, kwamba ataoa Pasaka. Pasaka ikapita, mwezi ukaisha, sikusikia kitu. Nikajua ameghairi. Nilikasirika, sikumwuliza tena."

"Nawe ulikaa na hilo miaka thelathini na sita?"

"Wewe je, na Aprili yako?"

Tulisimama pale kama watu wawili waliongoja boti moja katika bandari mbili.

Ijumaa, tarehe 15 Julai 2022, saa tano asubuhi, hakimu alisoma uamuzi. Alisema mahakama imeridhika kwamba ndoa kati ya marehemu na mimi ilifungwa kihalali katika kigango cha Nyarubungo tarehe 6 Mei 1985, na kwamba mimi ni mjane wake, mwenye haki zote za mjane. Mambo ya mazishi alisema si ya mahakama kuamua. Bonifasi, bila kuulizwa, alisimama akasema kwamba ukoo hautakuwa na neno.

Karani alinisogezea nakala nitie sahihi kwamba nimeipokea. Niliandika jina langu lote, kwa herufi zilizounganishwa, bila haraka. Pembeni yake paliachwa nafasi ya tarehe. Niliinua kalamu, nikamwuliza karani leo ni tarehe ngapi. Alishangaa kidogo, akatazama kalenda ukutani, akaniambia. Ndipo nikaandika.